Majaribio ya Silaha za Nyuklia na Watu Walioyalipia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ifikapo tarehe 29 Agosti, siku ya kimataifa ya kupinga majaribio ya nyuklia, maswali hurudi yale yale. Tumeyaweka hapa pamoja. Tumekaa zaidi kwenye Visiwa vya Marshall, katika bahari ya Pasifiki, ambako kisa kimeandikwa kwa undani, na kwenye Sahara, kwa kuwa hiyo ni Afrika yetu na bado wengi hawajui kwamba iliwahi kulipuliwa.

## Mambo ya msingi

Jaribio la nyuklia ni nini, na yamefanyika mangapi?

Ni kulipua bomu la nyuklia pasipo vita, ili kuona kama linafanya kazi, lina nguvu kiasi gani na linafanya nini kwa meli, majengo, wanyama na watu. Neno "jaribio" linaweza kukupoteza. Bomu la kujaribia ni bomu kamili. Moto wake na sumu yake ni vile vile.

La kwanza lililipuliwa alfajiri ya tarehe 16 Julai 1945 katika jangwa la New Mexico, Marekani, wiki tatu kabla ya Hiroshima. Tangu hapo yamezidi 2,000: Marekani 1,030, Muungano wa Kisovieti 715, Ufaransa 210, Uingereza na China 45 kila moja, kisha machache ya Korea Kaskazini, India na Pakistani. Zaidi ya 500 yalifanyika hewani, na hayo ndiyo yaliyomwagia watu majivu.

Hiroshima na Nagasaki zilishaonyesha kila kitu. Kwa nini waliendelea?

Kwa sababu kila bomu jipya lilidai kupimwa: dogo zaidi liingie kwenye kombora, kubwa zaidi limtishe jirani. Siasa nazo zilikuwemo. Nchi iliyolipua iliingia kwenye klabu ya wakubwa, na hilo Ufaransa ya rais de Gaulle haikulificha.

Ni kweli kwamba sehemu zilizochaguliwa hazikuwa na watu?

Hapana. Hili ndilo jambo moja ambalo tungependa msomaji aondoke nalo hata asiposoma mengine. Karibu kila mahali palipoitwa "patupu" palikuwa na wenyewe. Bikini na Enewetak, katika Visiwa vya Marshall, walikuwepo wavuvi. Maralinga, Australia, ni ardhi ya Waanangu, wenyeji wa asili wa huko. Nyika ya Semipalatinsk, Kazakhstan, ilikuwa na wafugaji wa Kikazaki, na Sahara ya Algeria ilikuwa na Watuareg pamoja na wakulima wa mitende.

Ukiyatazama maeneo hayo kwa pamoja, utaona yalichaguliwa kwa sifa zinazofanana: watu wachache, walio mbali na magazeti, wasio na kura katika nchi inayolipua. Hata ndani ya Marekani, jimboni Nevada, walisubiri upepo uvume kuelekea mashariki, kwa wakulima na wafugaji wa Utah, usiende Las Vegas wala Los Angeles.

## Visiwa vya Marshall

Watu wa Bikini waliondokaje kwao?

Waliombwa, kama kuombwa na jeshi lililokwisha kuamua ni kuombwa. Februari 1946, Jumapili baada ya ibada, afisa wa jeshi la majini la Marekani, Ben Wyatt, aliwauliza kama wako tayari kuhama kwa muda kwa faida ya wanadamu wote na ili vita vyote vikome. Aliwalinganisha na wana wa Israeli. Alijua anaongea na Wakristo. Kiongozi wao, Juda, alijibu kwamba wataondoka, kila kitu kimo mikononi mwa Mungu. Walikuwa watu 167.

Walipelekwa Rongerik, visiwa vingine vya Marshall, nusura wafe njaa, kwani miti ilikuwa haba na baadhi ya samaki walikuwa na sumu. Mwaka 1948 walitolewa huko, na mwisho wa mwaka huo wakawekwa Kili. Msomaji wa pwani ataielewa adhabu hii upesi. Bikini ni duara la visiwa vya matumbawe linalokumbatia maji matulivu, ambamo ngalawa hutoka kila siku. Kili ni kisiwa kimoja kidogo kisichofika kilomita moja ya mraba, na mawimbi hukipiga pande zote. Miezi mingi ya mwaka chombo hakitoki. Wavuvi hodari wakageuka watu wa kungojea meli ya chakula.

"Kwa muda" hiyo haijaisha hadi leo.

Bravo lilikuwa bomu gani?

Lilikuwa bomu la haidrojeni lililolipuliwa Bikini asubuhi ya tarehe 1 Machi 1954, kubwa kuliko yote yaliyowahi kulipuliwa na Marekani. Wabunifu walitarajia megatani 6 hivi, yaani nguvu ya tani milioni 6 za baruti ya TNT. Likatoa 15, yaani mara elfu moja ya bomu la Hiroshima. Walikosea hesabu: walidhani aina moja tu ya lithiamu iliyokuwa ndani ya bomu ndiyo ingeshika moto wa nyuklia, kumbe na ile nyingine ilichangia.

Mlipuko ulisaga matumbawe ya mwamba yakawa unga, ukaupandisha angani, na upepo ukaupeleka mashariki. Saa chache baadaye unga mweupe ulianza kudondoka juu ya Rongelap, visiwa jirani vyenye watu. Watoto waliuchezea. Uliingia kwenye matangi ya maji ya mvua, kwenye nywele zilizopakwa mafuta ya nazi, kwenye chakula. Jioni watu wakaanza kutapika na kuwashwa, macho yakauma. Baada ya wiki mbili ngozi ilikuwa na vidonda na nywele zinatoka kwa mafungu.

Wamarekani 28 waliokuwa kwenye kituo cha hali ya hewa kisiwani Rongerik waliondolewa siku iliyofuata. Watu wa Rongelap walichukuliwa siku moja baada ya hao. Wa Utrik, mbali zaidi mashariki, walisubiri siku nyingine tena.

Baharini kulikuwa na mashua ya wavuvi wa jodari kutoka Japani, Daigo Fukuryu Maru, yenye mabaharia 23. Wote waliugua. Mtu wa redio, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba mwaka huo huo, na Japani nzima ikaacha kununua samaki kwa hofu.

Ilikuwa ajali au walijua?

Ukubwa wa mlipuko ulikuwa kosa la hesabu, hilo halina ubishi sana. Upepo ni habari nyingine. Taarifa za usiku wa kuamkia mlipuko zilionyesha kwamba upepo wa juu unageukia upande wa visiwa vyenye watu, na bado ratiba haikusogezwa. Mwaka 1946, kwa mabomu madogo zaidi, watu wa Rongelap walihamishwa kwanza kwa tahadhari. Mwaka 1954 hawakuhamishwa.

Na lililofuata baadaye halikuwa ajali hata kidogo. Wagonjwa waliingizwa kwenye utafiti wa siri ulioitwa Mradi 4.1, kuhusu jinsi miili ya binadamu inavyopokea mionzi ya majivu, bila kuombwa ridhaa kwa lugha wanayoielewa. Mwaka 1957 walirudishwa Rongelap na kuambiwa ni salama, na watafiti waliandika wazi kwamba kuishi kwao kule kungetoa takwimu zenye thamani kubwa. Madaktari walikuja kila mwaka kupima, kuchukua damu na kuondoka. Wengi wa wakazi walihisi wamefugwa.

Nini kiliwapata baadaye?

Watoto ndio waliobeba zaidi. Wengi wa waliokuwa chini ya miaka kumi siku ya Bravo waliota vinundu kwenye tezi ya shingo, ile thairoidi, wakapasuliwa ng'ambo, na baadhi walidumaa. Lekoj Anjain, mtoto wa aliyekuwa kiongozi wa Rongelap, alikuwa na mwaka mmoja majivu yalipoanguka. Alifariki mwaka 1972 kwa saratani ya damu akiwa na miaka 19.

Mwaka 1985, baada ya kuomba msaada wa serikali bila kuupata, watu wa Rongelap waliamua wenyewe kuhama. Meli ya Greenpeace, Rainbow Warrior, iliwabeba kwa safari kadhaa, wao na mbao za nyumba zao. Miezi miwili baadaye meli hiyo hiyo, ikijiandaa kwenda kupinga majaribio ya Ufaransa, ilizamishwa na majasusi wa Ufaransa bandarini Auckland.

Je, vazi la kuogelea la bikini limetokana na kisiwa hiki?

Ndiyo. Tarehe 1 Julai 1946 bomu la kwanza lililipuliwa Bikini. Siku nne baadaye Mfaransa Louis Réard alionyesha vazi lake jipya Paris akalipa jina lililokuwa kwenye magazeti. Jina la asili ni Pikinni, na husemwa kwamba "ni" humo ndani ni nazi.

## Mionzi mwilini

Majivu ya nyuklia humdhuru mtu kwa njia gani?

Akipata mionzi mingi kwa mara moja, huugua ndani ya saa au siku: kutapika, kuungua, damu kupungua nguvu. Hilo huonekana. Gumu ni lile linaloingia kimyakimya kwa chakula, kwa sababu mwili hudanganyika.

Iodini-131 mwili huiona kuwa ni madini joto ya kawaida, yale tunayowekewa kwenye chumvi, na kuyapeleka moja kwa moja kwenye tezi ya shingo. Nguvu yake hupungua nusu kila siku nane, lakini siku nane zinatosha kwa mtoto anayekunywa maziwa ya ng'ombe aliyekula majani yenye vumbi. Strontiamu-90 hufanana na kalsiamu, hivyo hujenga makao kwenye mifupa na meno. Sesiamu-137 hufanana na potasiamu, na mnazi unapenda potasiamu kupita kiasi. Umuhimu wa hilo utauona kwenye swali la mwisho. Hizi mbili huchukua miaka 30 hivi kupungua nusu tu. Plutoniamu huchukua miaka 24,000.

Kwa nini huwaumiza watoto zaidi?

Seli zao zinagawanyika kwa kasi, tezi zao ni ndogo kwa hiyo dozi ile ile huwa nzito zaidi, na wana miaka mingi mbele ambamo saratani itapata nafasi ya kuota. Huko St. Louis, Marekani, kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, akina mama walitoa meno ya utotoni ya watoto wao yapimwe. Yalikusanywa meno laki tatu na ushee. Wale waliozaliwa wakati wa majaribio mengi walikuwa na strontiamu zaidi, na habari hizo zilisaidia kushinikiza mkataba wa 1963 (tazama "Majaribio hayo yamekatazwa?").

Wanawake wa Marshall walisema walizaa watoto kama yavuyavu. Ni uvumi?

Si uvumi kwamba walisema, na walisema wengi. Darlene Keju, mtaalamu wa afya kutoka Marshall, alilieleza jambo hili hadharani mwaka 1983 mbele ya mkutano wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni mjini Vancouver: viumbe wasio na mifupa, ngozi ya kuonekana ndani, wakipumua saa chache kisha kufa. Wanawake wengi waliyaficha hayo kwa aibu, wakidhani wamelaaniwa. Madaktari waliokuwa na daftari hawakuyaandika kama walivyoandika vinundu vya shingo. Asiyehesabiwa hana takwimu, na baadaye ukosefu huo wa takwimu hutumiwa kumwambia kwamba hana kesi.

Jumla ya waliokufa ni wangapi?

Kwa majaribio ya hewani pekee, umoja wa kimataifa wa madaktari wanaopinga vita vya nyuklia, IPPNW, ulikadiria mwaka 1991 kwamba saratani zingeua watu 430,000 kufikia mwaka 2000, na hatimaye milioni 2.4. Ni makadirio, si hesabu ya makaburi. Saratani haina lebo inayosema imetoka wapi. Kinachoweza kuonyeshwa ni kwamba zimezidi kiasi cha kawaida. Mawakili wa serikali wanaipenda sana hiyo sentensi ya lebo.

## Afrika

Bomu la nyuklia limewahi kulipuliwa Afrika?

Mara 17, yote na Ufaransa, yote Algeria. La kwanza, Gerboise Bleue, lilipasuka karibu na Reggane tarehe 13 Februari 1960 kwa nguvu ya kilotani 70 (tani 70,000 za TNT), zaidi ya mara nne ya Hiroshima. Yalifuata matatu mengine ya juu ya ardhi, kisha 13 ndani ya mlima huko In Ekker, Hoggar, hadi 1966. Algeria ilipata uhuru Julai 1962, lakini makubaliano ya Évian, yaliyomaliza vita vya uhuru, yaliiachia Ufaransa viwanja hivyo kwa muda. Kwa hiyo majaribio mengi yalifanyika katika nchi iliyokwisha kuwa huru.

Tarehe 1 Mei 1962, jaribio lililoitwa Béryl liliupasua mlima, na wingu likawafukuza wageni rasmi waliokuja kutazama, wakiwemo mawaziri wawili. Waziri Gaston Palewski alikufa miaka mingi baadaye kwa saratani ya damu akiamini ilitokana na siku hiyo. Mawaziri walikimbizwa wakaogeshwa. Watuareg wa vijiji vya jirani waliendelea na maisha.

Ufaransa ilipoondoka ilifukia mitambo, magari na vyuma kwenye mchanga. Jangwani chuma ni mali. Watu walifukua nyaya za shaba na mabati, wakauza, wakaezekea nyumba.

Waafrika walisema nini wakati huo?

Walipiga kelele, na si kidogo. Mwisho wa 1959 kikundi cha Waafrika, Wamarekani na Waingereza kiliondoka Accra kwa magari kikikusudia kwenda kukaa kwenye uwanja wa mlipuko. Kilizuiwa kwenye mpaka wa Upper Volta, Burkina Faso ya leo. Bomu lilipolipuka, Nkrumah alizuia mali za Wafaransa nchini Ghana. Januari 1961 Nigeria, ikiwa na miezi mitatu ya uhuru, ilimfukuza balozi wa Ufaransa.

Kongo inahusikaje?

Urani nyingi ya mabomu ya kwanza ilitoka Shinkolobwe, Katanga, kwa wasemaji wenzetu wa Kiswahili. Mwaka 1940 kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ilipeleka zaidi ya tani 1,000 za madini hayo New York, na baadaye jeshi la Marekani likayanunua. Waliyachimba na kuyachambua Wakongo. Makala kuhusu gharama ya nyuklia huanzia New Mexico. Ingekuwa haki zaidi zianzie karibu na Likasi. Mgodi ulifungwa, lakini wachimbaji wadogo waliufuata kwa ajili ya kobalti hadi serikali ilipoufunga tena mwaka 2004.

Majivu yalifika Afrika Mashariki?

Kwa kiasi kidogo, kama yalivyofika kila mahali. Mabomu makubwa yalipandisha vumbi hadi juu sana, likazunguka dunia na kushuka polepole kwa miaka, zaidi kaskazini mwa ikweta. Kila aliyezaliwa katikati ya miaka ya 1960 ana chembe za majaribio hayo kwenye mifupa yake, awe Tanga au Tokyo. Dozi hiyo hailingani hata kidogo na ya Rongelap.

## Kwingineko, kwa kifupi

Kazakhstan na Australia nako?

Semipalatinsk ililipuliwa mara 456 kati ya 1949 na 1989. Mwaka huo wa 1989 mshairi Olzhas Suleimenov alisimama kwenye televisheni, akaacha kusoma mashairi yake, akaeleza kuhusu mionzi. Likazaliwa vuguvugu kubwa, na uwanja ukafungwa tarehe 29 Agosti 1991. Ndiyo asili ya tarehe tuliyoanza nayo.

Australia Uingereza ililipua mara 12 kati ya 1952 na 1957. Yami Lester, kijana wa Kianangu, aliliona wingu jeusi likipita chini juu ya kambi yao mwaka 1953, na baadaye akapofuka. Alilieleza jambo hilo hadharani, mpaka tume ya kifalme ya uchunguzi ya 1984 na 1985 ikaundwa.

Na askari waliokuwepo?

Waliambiwa wageuze mgongo na kufunika macho. Wapo waliosema waliiona mifupa ya mikono yao wenyewe kupitia kope zilizofumbwa. Uingereza ilipeleka pia askari wa Fiji kwenye majaribio yake ya Kisiwa cha Christmas, katika Pasifiki. Walipozeeka bila kulipwa na London, mwaka 2015 serikali ya Fiji iliamua kuwalipa yenyewe.

## Fidia na sheria

Waathirika wamelipwa?

Baadhi, kidogo, na kwa kuchelewa. Mahakama ya madai ya Visiwa vya Marshall iliwapa watu wa Bikini dola milioni 563 mwaka 2001. Mfuko mzima uliotolewa na Marekani kwa visiwa vyote ulikuwa dola milioni 150. Hukumu ikabaki karatasi. Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza kesi mwaka 2010.

Ndani ya Marekani sheria ya fidia ilipita 1990, lakini watu wa New Mexico, waliokuwa chini ya upepo wa bomu la kwanza kabisa, waliachwa nje hadi 2025. Sheria ya Ufaransa ya 2010 inahusu Algeria pia, ila humtaka mdai nyaraka za mahali alipoishi na vyeti vya hospitali. Mfugaji wa kuhamahama wa mwaka 1962 atavitoa wapi?

Majaribio hayo yamekatazwa?

Mkataba wa Moscow wa 1963 ulikataza ya hewani, majini na anga za juu. Ufaransa na China hazikujiunga, zikaendelea hewani hadi 1974 na 1980. Mkataba wa kukataza yote ulifunguliwa 1996 lakini haujaanza kutumika, kwa kuwa nchi 44 zilizotajwa lazima ziuridhie zote. Kongo ni mojawapo na imeridhia. Marekani na China zimetia saini tu, na Urusi ilifuta uridhiaji wake 2023. Hata hivyo karne hii ni Korea Kaskazini pekee iliyojaribu, mara sita.

Vituo vya kulinda mkataba huo viko hata kwetu: Kilimambogo husikiliza mitetemo ya ardhi, na Dar es Salaam hunusa chembe za mionzi hewani. Afrika ina mkataba wake pia, wa Pelindaba, ulioanza kutumika Julai 2009 Burundi ilipokuwa nchi ya 28 kuuridhia.

## Maswali ya pembeni

Majaribio ya chini ya ardhi si salama?

Ni afadhali, mpaka mlima unapopasuka. Tazama Béryl kwenye sehemu ya Afrika.

Kuba la zege la Runit ni nini?

Ni jalala. Kati ya 1977 na 1980 askari wa Marekani walikusanya udongo wenye mionzi kutoka visiwa vya Enewetak, wakaumwaga kwenye shimo lililochimbwa na bomu la 1958 na kulifunika kwa zege. Chini hakukuwekwa sakafu, kwa hiyo maji ya bahari hupanda na kushuka ndani yake kwa bamvua na maji mafu. Na usawa wa bahari unaongezeka.

Leo mtu anaweza kwenda Bikini? Nazi zake zinalika?

Kwenda, ndiyo. Kutembea ufukweni hakudhuru, na wapiga mbizi wamewahi kwenda kutazama meli zilizozamishwa na mabomu ya 1946. Shida ni chakula. Miaka ya 1970 familia kadhaa zilirudishwa baada ya kuambiwa mambo yako sawa, zikala nazi za kwao, na vipimo vikaonyesha sesiamu inapanda miilini mwao kuliko kawaida. Mwaka 1978 wakaondolewa tena.

Nazi moja haikuui. Kula nazi, shelisheli, mkadi na kaa wapandao minazi kila siku, kama watu wa kule walivyokula siku zote, ndiko wataalamu wasikokushauri. Wamegundua kwamba ukiupa udongo mbolea ya potasiamu, mnazi hunyonya sesiamu kidogo zaidi, lakini kazi hiyo ni ya kurudiwa rudiwa. Minazi yenyewe imejaa, ilipandwa upya kwa mistari iliyonyooka kuelekea 1970, na inazaa vizuri. Nazi huanguka zenyewe. Wakwezi wako Kili na Majuro, mji mkuu wa Marshall.